Ndege Zilizokuja Sandukuni: Habari ya Ziwa Tanganyika, 1916

Sisi wa Likasi tumezoea ngurumo ya mashini. Mji wetu umekua kwa shaba, na fundi yeyote wa Shituru ajua kwamba mashini mpya haiwashwi siku ile ile ishushwapo kutoka behewani. Basi yafaa tukumbuke habari ya ndege nne zilizounganishwa kaskazini mwa Katanga, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1916. Hizo ndizo ndege za kwanza kuruka juu ya ziwa lile.

Wakati ule ilikuwa vita. Wadachi wa Kigoma walikuwa na meli kubwa, Graf von Götzen. Nayo pia ilikuja vipande vipande kutoka Ulaya ndani ya masanduku maelfu, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Wabelgiji hawakuwa na meli ya kushindana nayo. Wakaomba msaada kwa Waingereza, wakapewa ndege nne za aina ya Short, ziketizo juu ya maji kama bata. Kila moja ilikuwa na mabawa ya mbao na kitambaa, upana wake zaidi ya mita 16, na mashini ya Sunbeam yenye nguvu ya farasi 150.

Tutazame safari yao. Masanduku yalishushwa Matadi mwanzo wa mwaka 1916, yakapanda gari la moshi mpaka Léopoldville, ndiyo Kinshasa. Kutoka huko yalipanda mto kwa meli mpaka Stanleyville, ndiyo Kisangani. Tena gari la moshi mpaka Ponthierville, tena mashua mpaka Kindu, tena gari la moshi mpaka Kongolo, tena mashua mpaka Kabalo. Mwisho ikawa reli ya kwenda Albertville, ndiyo Kalemie, reli iliyokuwa imemalizika mwaka mmoja tu uliotangulia. Kila mahali masanduku yalishushwa na kupakiwa upya kwa mabega ya watu. Vitabu vyataja majina ya marubani. Majina ya wachukuzi hao, baba zetu, hatuyaoni.

Kisha ikaanza kazi ya mafundi, huko Mtoa na kwenye ziwa dogo la Tungwe, lililo tulivu kuliko ziwa kubwa lenye mawimbi. Ndege ya namna hii, iunganishwayo kwa mkono, haina huruma kwa mtu mvivu. Mbao hujaa unyevu na kupinda, kitambaa hulegea, nyaya zishikazo mabawa zapaswa kukazwa sawasawa pande zote mbili, maana zikitofautiana ndege huenda upande. Maboya ya chini lazima yasivuje.

Saa ya kuwasha mashini mara ya kwanza ndiyo saa ya kuogopwa. Desturi ya mafundi ni hii, na watu wanaojijengea ndege wenyewe siku hizi huifuata bado. Kwanza ndege hufungwa imara isiondoke. Petroli, tuiitayo esanse, huchujwa kwa uangalifu, kwa sababu tone la maji laweza kuzima mashini angani. Mafuta na maji ya kupoza hutiwa na kupimwa. Moto wa umeme ukiwa umefungwa bado, pangaboi huzungushwa polepole ili kusikia kama kuna kitu kinachokwaruza ndani. Mchanga huwekwa karibu kwa ajili ya kuzima moto, na hakuna aruhusiwaye kusimama mbele. Mashini ikiitika, huachwa iunguruma kidogo tu, kisha huzimwa, na kila bolti na kila bomba hukaguliwa tena. Asiyekagua chini atajuta juu.

Mwezi wa Juni 1916 rubani Aimé Behaeghe na mwenzake Collignon waliruka ng'ambo wakatupa mabomu Kigoma. Meli haikuzama. Wadachi wenyewe waliizamisha mwezi wa Julai, walipoona nchi inawaponyoka. Behaeghe hakurudi kwao. Alikufa kwa ugonjwa huko Niemba mwezi wa Desemba mwaka ule ule.

Mwaka 1917, huko Baudouinville, ndiyo Moba, kando ya ziwa lile lile, Stefano Kaoze alipewa upadri, Mkongo wa kwanza wa nyakati hizi. Nayo meli iliyozamishwa iliinuliwa mwaka 1924, ikaitwa Liemba, ikachukua abiria na mizigo yao miaka mingi. Chombo kilichoundwa kwa vita kikawa cha kuwavusha akina mama na samaki wao.

Likasi nasi tumeonja upande mwingine. Mwezi wa Septemba 1961, mji ulipoitwa bado Jadotville, ndege ya Fouga ilitupa mabomu juu ya askari wa Irlandi waliozingirwa hapa. Basi tusiseme ndege ni njema au mbaya. Bolti haijui inashika nini. Ni sisi tujuao, na kabla ya kuwasha mashini yoyote, baada ya kukagua nyaya na mafuta, limebaki swali moja la kukagua moyoni: itakwenda kumfanyia nini jirani yetu?