'Imetoboka' au 'imetobolewa'? Kisa cha senti kumi ya 1936

Wiki jana jirani yangu, mzee mmoja wa hapa Lurambi, Kakamega, alinijia na senti kumi ya mwaka 1936 ikiwa imefungwa kwenye kitambaa. Mtu fulani alikuwa amempigia simu akamwambia ni adimu kwa sababu "imetoboka vibaya kiwandani", na kwamba angelipwa laki mbili, mradi atangulize elfu tatu za cheti. Mzee ana mjukuu wa kidato cha pili anayedaiwa karo.

"Mwalimu, wewe ni mtu wa vitabu. Hebu niambie, nitume ama nisitume?"

Sarafu ilikuwa na matundu mawili. La katikati si ajabu; senti kumi za shaba za enzi ya mkoloni, zilizoanza kutolewa 1921, zote zilikuwa nalo. La pili lilikuwa pembeni, limekata neno CENTS.

Nilianza na sarufi kabla ya kuvaa miwani. 'Toboka' iko katika kauli ya kutendeka, na kauli hii humficha mtenda. Kikombe kimevunjika, basi, aliyekivunja hatajwi. 'Imetobolewa' huacha swali wazi: na nani? Lini? Kwa anayechunguza sarafu kuukuu, kazi yote iko katika hilo la pili: kabla ya chapa kupigwa, au baada?

Kiwandani, kwa kawaida kipande cha shaba kilitobolewa kwanza, ndipo kikapigwa chapa. Tundu lililokosea mahali lingepitia kishindo cha mtambo: kingo zake zingebanwa, na herufi zingekomea ukingoni bila kuburutwa. La mzee lilikuwa kinyume. Mguu wa N umeinamia shimoni, na upande wa pili shaba imetoa midomo, kisha ikagongwagongwa ilale. Huo ni msumari.

Si kila dosari ni jeraha, lakini. Mwaka 1916, vita vikiwa vimewabana, Wajerumani walijitengenezea heller 20 kule Tabora katika karakana ya reli. Muhuri wa chuma ukipasuka, shaba hujaa ndani ya ufa, na ufa huo hutokea kwenye sarafu kama mstari ulioinuka. Mkwaruzo wa baadaye huzama. Pitisha ukucha tu, utajua.

Mpigaji simu alidai pia kwamba jina EDWARDVS VIII ni kosa. Hapana! Sarafu hizi za tundu hazikuwa na sura ya mfalme, zilibeba jina lake tu, kwa hivyo la Edward wa Nane liliwahi kuchapwa kabla hajang'atuka Desemba 1936. Zilitolewa kwa mamilioni.

Kilichonishangaza ni kitu kingine. Ukingo mmoja wa tundu la pembeni ulikuwa laini, unang'aa, na wa katikati ulikuwa vivyo hivyo, pale yanapotazamana. Kuna kitu kilichokuwa kikisugua kati ya matundu hayo miaka na miaka. Nikamuuliza kama kuna mtu aliyewahi kuishona.

Mzee alinyamaza kidogo, halafu akacheka. Babake alifanya kazi katika mgodi wa dhahabu wa Rosterman, na alikuwa na koti moja zito ambalo vifungo vyake havikufanana. "Kumbe ni kifungo cha mzee! Nilikuwa nikikivuta nikibebwa."

Nilimwambia wazi asitume hata shilingi. Mnunuzi hutoa pesa. Huyo anayeomba ni mkora. Alikubali, ingawa niliona uso ukimshuka, maana laki mbili alikuwa ameshazipigia hesabu hadi kidato cha nne. Aliifunga sarafu yake kwenye kitambaa, akaitia mfuko wa ndani.

Jumatatu tunakwenda pamoja ofisi ya wadi kuulizia basari.