Kutoka butega hadi simu: hesabu ya kikundi inalindwa na nani?

LWIRO, Kabare – Kuweka akiba si jambo jipya katika Bushi na Buhavu. Kilicho kipya ni chombo. Leo kuna programu za simu zinazoweza kumhesabia mtu akiba yake akiwa peke yake, au kuhesabia kikundi kizima cha wamama wa soko. Lakini familia nyingi ambazo tangu mwanzo wa mwaka 2025 zimelala nje ya nyumba zao zina swali lingine: siku ya kukimbia, akiba inabaki na nani? Historia ya pande hizi ina mengi ya kusema juu ya swali hilo. Anayetaka kutengeneza programu ya akiba kwa watu wa Lwiro, Kavumu, Katana au Kalehe angefanya vizuri kuisikiliza kwanza.

Butega na ng'ombe

Kabla ya noti kufika, masoko ya kando ya Ziwa Kivu yalikuwa na kipimo chake. Katika karne ya 19 watu walitumia butega, bangili zilizosukwa kwa nyuzi za mimea ya msituni, ambazo wanawake walizivaa miguuni. Zilitoka upande wa magharibi, karibu na msitu, zikashuka Buhavu na kuvuka ziwa. Mwanahistoria David Newbury, aliyechunguza biashara ya ziwa hili, ameeleza namna zilivyotumika kununua chakula na hata mifugo.

Butega zilichakaa. Aliyetaka akiba ya miaka mingi aliigeuza kuwa mbuzi, na mbuzi wakawa ng'ombe. Na ng'ombe mara nyingi hakulala kwa mwenyewe. Aliwekwa kwa ndugu au rafiki, ambaye alimchunga na kunywa maziwa, na uzao ukafuata mapatano yao. Ugonjwa ukiingia kijiji kimoja, au wavamizi wakipita, mwenye mali hakupoteza vyote kwa siku moja. Tena majirani walijua ng'ombe yule ni wa nani. Mali ilitawanywa, na kila kipande kilikuwa na mashahidi.

Mshahara, kasa na noti zinazokufa

Mwaka 1947 Wabelgiji walianzisha taasisi ya utafiti ya IRSAC, na makao yake makuu yakajengwa hapa Lwiro; ndiyo iliyokuja kuwa CRSN ya leo. Pamoja na mashamba ya chai na kinini, kazi hizo zilileta mshahara wa mwisho wa mwezi. Mavuno huja mara mbili kwa mwaka na huonekana. Mshahara huja kila mwezi na huisha kimyakimya. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ikaanzisha kasa ya akiba, Caisse d'Épargne, ambayo baadaye iliitwa CADEZA na kisha CADECO. Mtu alipewa kitabu chenye jina lake. Aliweka akiba peke yake, na shahidi wake akawa serikali.

Shahidi huyo hakudumu. Mwaka 1967 zaire ilipozaliwa, zaire moja ilikuwa sawa na dola 2 za Marekani. Mwishoni mwa Desemba 1979 serikali ya Mobutu ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na 10 zimekufa, ikafunga mipaka na kuwapa watu siku chache tu kuzibadilisha. Aliyekuwa karibu na benki aliokoa sehemu. Aliyeficha noti zake chini ya kitanda, mbali na mji, alibaki na karatasi.

Yakafuata mengine. Mwaka 1991 wakaaji wengi wa Kinshasa walipoteza akiba zao katika michezo ya feza kama Bindo Promotion, iliyoahidi kumrudishia mtu mara kadhaa ya alichoweka. Malipo ya wa kwanza yalitoka mifukoni mwa waliokuja nyuma. Oktoba 1993 ikaja zaire mpya: moja kwa zaire milioni 3 za zamani. Tarehe 30 Juni 1998 ikaja franka ya Kongo: moja kwa zaire mpya 100,000. Ukizidisha, zaire bilioni 300 za mwanzo zilileta franka moja. Ndiyo sababu mzee anayemwambia mjukuu wake anunue mabati kuliko kuweka noti hapaswi kuchekwa. Ameona noti zikifa mara tatu.

Likelemba, benki ya watu wanaojuana

Katika miaka hiyo kilichosimama ni likelemba. Watu kumi wanakubaliana: kila siku ya soko kila mmoja atoe franka 5,000, na mmoja wao achukue 50,000 zote. Juma lijalo ni zamu ya mwingine. Hakuna ofisi, hakuna kitabu, hakuna faida. Feza hazilali hata usiku mmoja katika sanduku, basi hakuna cha kuiba.

Ukiitazama vizuri, likelemba imeunganisha akiba na mkopo. Anayepokea wa kwanza amekopeshwa na wenzake tisa. Anayepokea wa mwisho amejiwekea akiba. Kwa hiyo wa kwanza lazima awe mtu wa kuaminiwa, na wa mwisho lazima awe mtu wa subira. Bei zinapopanda kwa haraka, wa mwisho ndiye anayeumia, kwa sababu 50,000 yake hainunui tena kile ilichonunua mwanzoni. Wamama wamelijibu tatizo hilo bila mwalimu wa uchumi: wanafupisha mzunguko, wanahesabu kwa dola, au wanapeana vitu vyenyewe, kama vitenge na sufuria.

Kasoro yake inajulikana. Mgonjwa akihitaji dawa leo na zamu yake iko mbali, hana la kufanya isipokuwa kumwomba mwenzake wabadilishane. Na aliyekwisha kupokea akihama, wa nyuma yake wanalia.

Sanduku la kufuli tatu

Njia ya pili ilitoka mbali. Mwaka 1991, katika eneo la Maradi nchini Niger, shirika la CARE lilianza na wanawake wa vijijini mpango ulioitwa Mata Masu Dubara. Waliichukua tontine ya zamani wakaiongezea mkopo na mgao wa mwisho wa mwaka. Mpango huo ukaenea Afrika nzima. Hapa kwetu unaitwa AVEC.

Watu kama 15 hadi 30 hukutana kila juma. Kila mmoja hununua hisa, kuanzia moja hadi tano, na kila hisa hupigwa muhuri katika kitabu chake. Wanaohitaji hukopa na kurudisha na riba ndogo waliyoipanga wenyewe. Mfuko wa jamii hukaa kando kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Mwisho wa mzunguko, kwa kawaida baada ya miezi 9 hadi 12, vyote hugawanywa. Tuchukue mfano: hisa moja ni franka 1,000, kikundi kimeuza hisa 4,000, na siku ya mgao sanduku lina 4,800,000. Kila hisa italipwa 1,200. Mama mwenye hisa 150 aliyeweka 150,000 atarudi nyumbani na 180,000.

Sanduku lenyewe lina kufuli tatu. Funguo tatu hukaa kwa watu watatu tofauti, na anayelaza sanduku hana ufunguo hata mmoja. Linafunguliwa mbele ya wote tu. Mwisho wa kila kikao kiasi kilichobaki hutangazwa kwa sauti, na wanachama hukishika kichwani. Kikao kinachofuata huanza kwa kuwauliza kilikuwa kiasi gani, kabla ya kufuli kufunguliwa. Asiyejua kusoma ana nguvu sawa na mwandishi.

Simu inaingia

Machi 2007 Safaricom ilianzisha M-Pesa nchini Kenya. Hapa Kongo M-Pesa ya Vodacom na Airtel Money zilianza mwaka 2012. Lakini mfuko wa simu ni wa mtu mmoja: kadi ina jina moja na namba ya siri moja. Kikundi kinachoweka feza zake katika simu ya mweka hazina kimerudi kwenye kufuli moja. Akifariki au akipotea njiani, kampuni inamtambua yeye, haiwatambui wenzake 24.

Nchi jirani zimejaribu kulitatua hilo. Mwaka 2019 Vodacom Tanzania pamoja na benki ya TPB walileta M-Koba, akaunti ya kikundi ndani ya simu, ambapo wanachama hupata ujumbe wa yanayotendeka na kiongozi mmoja hawezi kutoa feza peke yake. Programu nyingine, kama DreamSave, hazishiki feza kabisa. Zinashika hesabu: simu moja ya kikundi inaandika hisa na mikopo hata pasipo intaneti, na feza zinabaki sandukuni.

Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana, na mwaka 2025 ulionyesha sababu.

Februari 2025

Mwishoni mwa Januari vita vilikuwa Minova. Tarehe 5 Februari Nyabibwe ikaanguka, kisha mapigano yakashuka na barabara ya ziwa hadi Kalehe na Katana. Tarehe 14 M23 ilichukua uwanja wa ndege wa Kavumu, na kufikia tarehe 16 Bukavu pia. Benki zikafunga milango. Mwalimu ambaye mshahara wake hupita benki alikuwa na feza kwenye hesabu, lakini dirisha la kuzitolea halikuwepo. Wenye kabine za simu waliishiwa noti, na kutoa feza kukawa kwa makato makubwa kuliko kawaida. Aprili, M23 ilifungua tena CADECO mjini Goma, kasa ileile iliyozaliwa mwaka 1950.

Kwa vikundi, tatizo lilikuwa jingine. Watu wanaokimbia kwa njia tatu hubeba funguo tatu kwa njia tatu. Hata sanduku likiokolewa, sehemu kubwa ya mali ya AVEC huwa haimo ndani yake: iko kwa wanachama waliokopa, imegeuka samaki, unga au chumvi iliyoachwa sokoni. Kinachosema nani anamdai nani ni kitabu. Na kitabu ni kimoja.

Programu ya watu wanaoweza kukimbia

Kwa hiyo faida kubwa ya simu pande hizi ni nakala. Kila mwanachama apokee kwa ujumbe mfupi, kila juma, hisa zake na deni lake, ili kitabu kiwe mifukoni mwa watu 25. Programu ifanye kazi bila intaneti na kwa moto kidogo wa betri. Ihesabu franka na dola pamoja, na kuandika bei ya dola ya siku ile. Isome hesabu kwa sauti, kwa Kiswahili, Mashi na Kihavu. Kutoa feza kuhitaji namba za siri tatu, na kikundi kichague mapema watu wa akiba watakaoshika nafasi ya asiyepatikana.

Simu hiyohiyo yaweza pia kuwa hatari. Orodha ya majina na kiasi cha kila mtu, ikisomwa na mwenye bunduki kizuizini, ni orodha ya watu wa kuibiwa. Kwa sababu hiyo ujumbe wa mwanachama uonyeshe hesabu yake mwenyewe tu, na simu ya kikundi isifunguke kwa mtu mmoja.

Anayeweka akiba peke yake naye ana haki ya siri. Mama anayekusanya kidogo kidogo ada ya shule hapendi kila ndugu ajue. Kwake programu imsaidie kujiwekea lengo na tarehe, na kumkumbusha kugeuza noti kuwa kitu kabla bei haijapanda. Lakini awe na mtu mmoja anayejua, kama mwenye ng'ombe wa zamani, ili jambo likimpata watoto wasipoteze.

Jambo moja halimo katika simu yoyote, na linafaa kuandikwa katika kanuni za kikundi siku ya kwanza: tukitawanyika, mikopo itasimama kwa muda gani, tutatafutana wapi, na wangapi wakikutana wanaweza kuamua. Ni mstari mmoja au miwili. Ukiandikwa wakati wa amani hauleti ugomvi.

Kwa familia ambazo kitabu chao kimepotea tayari, desturi ya AVEC imeacha mlango. Kiasi cha kila kikao kilishikwa vichwani. Wanachama wawili au watatu waliokutana katika familia iliyowapokea, kanisani au shuleni, wanaweza kuketi, kila mmoja ataje anachokumbuka: hisa zake, deni lake, kiasi cha mwisho kilichotangazwa. Yaandikwe kwenye karatasi pamoja na tarehe na majina ya waliokuwepo, na nakala ibaki kwa kila mmoja. Mwingine akipatikana, aongeze yake. Kazi hiyo haihitaji programu, na kadiri siku zinavyopita ndivyo kumbukumbu inavyopungua.