Kuusoma Mgomba: Kihamba cha Wachagga kama Chanzo cha Elimu ya Urithi

Mpita njia kwenye miteremko ya Kilimanjaro huona migomba. Mwenyeji huona masale yaliyopandwa mpakani, mibuni kivulini, mfongo unaoleta maji kutoka mlimani, na makaburi ya wazee karibu na nyumba. Makala hii inadai kwamba kihamba, yaani shamba la nyumbani la ukoo, ni waraka, na kwamba elimu ya urithi itabaki nadharia mpaka mtoto afundishwe kuusoma.

Chukua mbuni mmoja mkongwe. Kahawa ilioteshwa Kilema na wamisionari Wakatoliki mwishoni mwa karne ya 19. Walowezi walipotaka Mwafrika azuiwe kuilima, wakulima wa Kichagga waliunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 chama cha ushirika cha KNCU kikachukua nafasi yake. Mapambano hayo hufundishwa darasani kama historia ya vyama, ilhali mibuni yenyewe ipo hatua chache nyuma ya shule.

Maarifa ya kihamba yamewahi kuandikwa. Mmisionari Bruno Gutmann aliyajaza mafundisho ya jando ya Wachagga katika majuzuu ya Kijerumani, yakawa mbali na wajukuu wa waliomsimulia. Petro Itosi Marealle alichagua Kiswahili alipochapisha Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera mwaka 1947. Njia yake ndiyo ya kufuatwa. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) liliutambua mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Ni heshima kubwa, lakini haimwambii kijana aliyehamia mjini zamu ya maji ya ukoo wake ilikuwa siku gani.

Wapo watakaopinga kwamba kuienzi historia hii ni kuubariki mfumo dume, kwani kihamba kimerithishwa kwa wana wa kiume. Pingamizi hilo lina uzito. Mama ndiye anayepanda kutoka tambarare na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Samadi ya ng'ombe huyo ndiyo inayostawisha mgomba wa mshare, ambao ndizi zake hupikiwa mtori. Hata hivyo, jina la mama huyo halimo katika simulizi za mipaka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa ya ardhi, lakini sheria haiandiki upya kumbukumbu za ukoo. Kwa hiyo kila utafiti wa mwanafunzi kuhusu kihamba chao uanze na maswali mawili: nani alirithi, na nani alifanya kazi?

Napendekeza utafiti huo utolewe kama kazi ya likizo ya Desemba, familia zinaporudi nyumbani kwa Krismasi. Mwanafunzi achore ramani ya kihamba chao, aandike kila mti ulipandwa na nani, na mfongo unachepushwa wapi. Aanze kwa bibi, wakiwa migombani, mkungu ukikatwa. Hapo ndipo bibi huyataja majina ya migomba bila kuulizwa mara mbili.