Kromosomu ya Ziada: Historia ya Kutibu kwa Flukonazoli Pekee

Tangu kuenea kwa UKIMWI, sehemu kubwa ya Waafrika waliopatwa na homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi aitwaye Cryptococcus neoformans walitibiwa kwa dawa moja tu, flukonazoli, na chanzo cha desturi hiyo kilikuwa uhaba kuliko ushahidi wa kitabibu. Amfoterisini B, dawa ya miaka ya 1950, huua fangasi huyo, lakini hutiwa mshipani na hudhuru figo, hivyo humlazimu mgonjwa kulazwa na kupimwa damu mara kwa mara. Flusitosini, dawa nyingine ya fangasi iliyotengenezwa mwaka 1957 kwa matumaini ya kutibu saratani, ilikuwa adimu barani ingawa hataza yake ilikwisha zamani. Flukonazoli ilikuwa kidonge, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya Pfizer ilianza kuitoa bure Afrika Kusini, kisha katika nchi nyingine maskini. Msaada huo uliwafaa wengi, ila pia uliifanya dawa hiyo kuwa mazingira ambamo fangasi alipaswa kuishi kwa miezi.

Flukonazoli humzuia fangasi kukua bila kumuua, kwa kukizuia kimeng'enya kinachotengeneza ergosteroli, aina ya mafuta inayouimarisha utando wa seli. Seli ya kawaida ya fangasi huyu ina kromosomu 14, kila moja kwa nakala moja. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba, dawa inapozidi, huchomoza seli zenye nakala mbili za kromosomu ya kwanza, ambayo ndiyo hasa inayobeba jeni ya kimeng'enya hicho, ERG11, pamoja na AFR1, jeni ya pampu inayoitoa dawa nje ya seli. Hakuna herufi ya jenomu inayolazimika kubadilika: kinachoongezeka ni nakala tu, na dawa ikiondolewa, nakala hiyo hupotea tena. Hali hii, ambapo seli chache sugu hujificha ndani ya kundi linaloonekana dhaifu mbele ya dawa, inaweza kuitwa usugu mseto. Mwili nao huyachochea mabadiliko hayo ya idadi ya kromosomu, kwani ndani ya mapafu baadhi ya seli hugeuka majitu yenye jenomu iliyorudufiwa mara nyingi, ambayo huweza kuzaa seli zenye idadi isiyolingana ya kromosomu.

Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 20 nchini Tanzania, ambao wote, hata kabla ya kumeza kidonge cha kwanza, walikutwa na usugu mseto katika majimaji ya uti wa mgongo. Kwa waliopewa flukonazoli pekee, uwiano wa seli sugu ulipanda katika wiki mbili za mwanzo. Kwa walioongezewa flusitosini, kufikia siku ya 14 seli hizo hazikuonekana tena. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekwisha kubadili mwongozo wake mwaka 2018, likiipa flusitosini nafasi ya mbele, ingawa katika hospitali nyingi za Afrika dawa hiyo ilikuwa bado haijafika.