Mpiga Kinanda Aliyesimama: Habari za Uongozi wa Muziki, Kutoka Meiningen Hadi Mamba

Kazi ya kuongoza muziki wa watu wengi kwa mkono mtupu au kwa kifimbo, ambayo leo huhesabiwa kuwa fani iliyojitegemea, yenye heshima na cheo chake, ilizaliwa kwenye kinanda. Na mtu atakaye kuifahamu asili yake, awe yuko Berlin au awe yuko Mamba katika bonde la Rukwa, Tanzania, hana budi kuanza na yule aliyeketi, mikono yake miwili ikifanya kazi ya watu wanne, na macho yake yakiwachunga wenziwe. Joseph Haydn alipokaribishwa London mwaka 1791 kuwasikilizisha watu simfoni zake mpya, hakupanda jukwaani kuwapungia wapigaji mikono, ila aliketi penye piano, ilhali Johann Peter Salomon, na fidla yake begani, ndiye aliyewaanzisha na kuwashika pamoja. Karne iliyofuata okestra zilikua, wapigaji wakazidi, vyombo vya upepo vikaongezwa, na sauti ya piano ikamezwa katikati yao. Ndipo alipohitajika mtu asiyepiga chombo chochote, ambaye chombo chake ni watu wenyewe.

Katika tarehe ya mageuzi hayo, jina lisilokosa kutajwa ni la Hans von Bülow, aliyezaliwa Dresden, Ujerumani, tarehe 8 Januari 1830. Jamaa zake walimtaka awe mwanasheria, naye alikwisha ingia katika masomo hayo, lakini mwaka 1850 alihudhuria mjini Weimar opera ya Richard Wagner iitwayo Lohengrin, ikiongozwa na Franz Liszt, na haukupita muda sheria ikamtoka moyoni kabisa. Liszt, bingwa wa piano asiye na kifani katika Ulaya ya zama zile, alimpokea kuwa mwanafunzi wake, na hatimaye akampa na binti yake Cosima awe mkewe, mwaka 1857, ambao ndio mwaka Bülow alipoipiga mbele ya hadhira ya Berlin, kwa mara ya kwanza, sonata kubwa ya mkwewe. Walimwengu walimjua kwa vidole vyake. Hata mwaka 1875 ni yeye aliyeupiga mjini Boston, Marekani, kabla ya mtu mwingine yeyote, utungo wa kwanza wa Tchaikovsky wa piano na okestra, ambao mpaka leo ni nadra kumpata mpiga piano asiyeutamani.

Kabla ya safari hiyo ya Boston, hata hivyo, alikuwa amekwisha onja kazi ya pili, ya kuongoza. Mjini Munich, tarehe 10 Juni 1865, aliiongoza Tristan und Isolde ya Wagner katika onyesho lake la kwanza duniani, na mwaka 1868 akaiongoza Die Meistersinger ya Wagner huyohuyo. Na haya aliyafanya wakati Cosima alipokuwa amekwisha mwelekea Wagner, mpaka akamwacha mumewe, na talaka ikatoka mwaka 1870. Insafu yatulazimisha kusema kwamba Bülow hakuacha kuutetea muziki wa mtu aliyemvunjia nyumba, wala hakuacha kuuchangia fedha. Wako wanaomsoma kwa ajili ya kisa hiki tu. Mimi naona kwamba sehemu yenye faida zaidi ya maisha yake inaanza mwaka 1880, alipokabidhiwa okestra ya mtawala wa Meiningen, mji mdogo ambao, lau si yeye, usingalikuwa na sababu ya kukumbukwa na wanamuziki.

Okestra ile haikufikia wapigaji 50, na Bülow, aliyeikuta ikiwa ya kawaida, aliifanya katika miaka 5 kuwa mfano wa Ujerumani nzima. Njia yake ilikuwa hii: hakuwakusanya wote pamoja siku ya kwanza, ila aliwagawa mafungu, wa nyuzi peke yao, wa upepo peke yao, akasikiliza kila fungu mpaka kosa dogo likapata mwenyewe, na baada ya hapo ndipo akawaunganisha. Akawataka wapigaji wengine wasimame wapigapo, na tungo kubwa wazijue kwa ghaibu, bila ya karatasi mbele yao, kama yeye mwenyewe alivyoongoza kwa ghaibu. Hapa ndipo mkono wa mpiga piano unapoonekana dhahiri. Mpiga fidla hujifunza njia moja ya sauti na kuitimiza vema. Mpiga piano, maadamu sauti zote zimo katika mikono yake, hana ruhusa ya kuisahau hata moja, na akiisahau hana wa kumsingizia. Bülow aliichukua adabu hiyo ya mtu mmoja mbele ya kinanda, akawavika watu wote wa Meiningen. Mwaka 1885 Johannes Brahms alikwenda kwao na simfoni yake ya nne, ikasikika hapo kwa mara ya kwanza. Na mwaka huohuo Richard Strauss, kijana wa miaka 21, alikuja kuwa msaidizi wa Bülow, akajifunza kazi kwa kumtazama.

Tangu mwaka 1887 aliiongoza Okestra ya Filharmonia ya Berlin, iliyokuwa changa bado, akaipa msingi wa sifa yake, na afya yake ilipodhoofu akasafirishwa kwenda Misri kutafuta hewa kavu. Alifariki mjini Kairo tarehe 12 Februari 1894. Waliomfuata katika njia hiyo, ya kutoka kwenye piano hadi kwenye uongozi, ni wengi. Nitamtaja mmoja tu, Daniel Barenboim, aliyezaliwa Buenos Aires mwaka 1942, akapiga piano mbele ya watu tangu utotoni, akaongoza okestra za Paris, Chicago na Berlin, na mwaka 1999, pamoja na mwanachuoni wa Kipalestina Edward Said, akawakutanisha Weimar vijana wa Kiarabu na wa Kiisraeli wapige katika okestra moja.

Sasa nije Mamba. Atokaye Mpanda hupita Sitalike, akaikata Hifadhi ya Katavi, akatokea Kibaoni, ndipo aingie katika Mamba na vijiji vingine vya Mpimbwe, nchi ya Wapimbwe, ambamo tangu miaka ya 1970 Wasukuma wengi nao wamehamia na ng'ombe wao. Mapadre Weupe, ambao shirika lao liliasisiwa Algiers mwaka 1868, walikabidhiwa mwaka 1885 ngome ya Karema, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, iliyojengwa na Wabelgiji tangu 1879. Na kutoka Karema mafundisho yao yakaenea Ufipa na Mpimbwe, na pamoja na mafundisho zikaja nyimbo. Piano haikuja nazo. Msomaji atadhani ni kwa sababu ya umbali na uzito, na kweli chombo kile, chenye nyuzi za chuma zilizokazwa juu ya mbao, hakivumilii masika wala mchwa. Lakini ilikuwako sababu nyingine, iliyoandikwa. Tarehe 22 Novemba 1903, siku ya Mtakatifu Sesilia, Papa Pio wa Kumi alitoa waraka juu ya muziki wa ibada, na katika fungu moja la waraka huo aliikataza piano kanisani, akazikataza pamoja nayo ngoma, matoazi na vyombo vingine vya kelele. Chombo cha fahari cha Bülow na chombo cha mababu wa Mpimbwe vilifungiwa mlango kwa sentensi moja.

Kilichoruhusiwa ni kinanda cha kanisa, na mahali pasipokuwa na uwezo wa kinanda kikubwa cha mabomba, kazi yake ilifanywa na kinanda cha miguu, ambacho Alexandre Debain alikipatia hati ya ugunduzi mjini Paris mwaka 1842. Ndani yake hamna nyuzi. Mna ndimi nyembamba za shaba, kila moja kwa sauti yake, na mivukuto inayojazwa upepo kwa kukanyaga vibao viwili kwa zamu, kulia na kushoto, bila kukoma; mguu ukilegea, wimbo hufifia. Shaba haibadiliki upesi kama uzi uliokazwa, na chombo chote hubebeka na watu wawili. Kwa ajili hiyo kiliweza kuishi pale ambapo piano ingalikufa, na vijana wa shule za misheni na wa seminari wakakipata kuwa mwalimu wao wa kwanza wa sauti nne.

Mazoezi ya kwaya ya kijijini, ambayo aghalabu hufanyika jioni watu watokapo shambani, yana taratibu inayojulikana na kila aliyepata kuimba. Mwalimu hukaa penye kinanda, akawapa soprano njia yao, do kwa do na mi kwa mi, wakairudia hata ikakaa. Halafu alto, halafu tenor, na besi mwisho, ilhali wengine wanangoja kimya au wananong'ona njia yao wasiisahau. Kisha huunganisha mbili, kisha tatu, kisha zote. Waimbaji wengi hawasomi nota, hushika kwa masikio, kwa hiyo siku ya Krismasi au Pasaka kwaya nzima huimba kwa ghaibu. Mwalimu akiisha kuona kwamba wanaweza, humwachia kijana kinanda, akasimama mbele, akainua mkono. Hii ndiyo taratibu ya Meiningen, mafungu kwanza na umoja baadaye; nayo haikuletwa na mtu aliyemsoma Bülow, imezaliwa na haja ileile, ya mtu aliyezoea kuzisikia sauti nne katika mikono yake na sasa anataka kuzisikia katika vifua vya watu.

Ngoma ilirudi kanisani kwa hatua. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, huko Kamina katika Katanga, Padre Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji, aliiongoza mwaka 1958 Missa Luba, misa ya Kilatini iliyoimbwa kwa mahadhi ya Kikongo na kupigiwa ngoma. Mwaka 1963 padre wa Tanganyika, Stephen Mbunga, alitoa kitabu chake juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, na tarehe 4 Desemba mwaka huohuo Mtaguso wa pili wa Vatikano ukapitisha hati ya liturujia iliyoupa heshima muziki wa mataifa ya misheni. Uganda ilikuwa na Joseph Kyagambiddwa, aliyetunga muziki mkubwa kwa heshima ya Mashahidi wa Uganda, ambao Papa Paulo wa Sita aliwatangaza kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Tangu hapo mwalimu wa kwaya aliongezewa mzigo. Zamani alishika sauti nne na kinanda. Sasa ana ngoma, kayamba, vigelegele na mwendo wa miguu, na ngoma haimngoji mtu, hivyo mkono wake umekuwa wa lazima kuliko ulivyokuwa. Kwa maoni yangu, anayeyashika yote hayo yasigongane anastahili jina la kiongozi wa muziki sawasawa na yeyote aliyesimama Berlin, na kumwita msaidizi wa ibada peke yake ni kumpunja.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa kwaya wa Mamba, wa Usevya, wa Majimoto na wa Mpanda, na maparoko wao: yaandikeni majina ya waliowafundisheni kinanda, na mwaka walioanza, na nyimbo walizotunga, katika daftari moja la parokia, na madaftari ya nota ya wazee, ambayo karatasi zake zimekwisha kuwa manjano, yanakilini sasa, kabla mchwa hawajayafikia.