Saa Kumi za London

Hivi karibuni nilikuwa Kolandoto, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, na mzee mmoja akanipa kesi. Mjukuu wake aliye London alimwambia kwa simu kuwa ndani ya ndege ni saa kumi tu. Mzee akapiga hesabu: akipanda jioni, asubuhi yuko hapa. Akachinja mbuzi. Mjukuu akashuka kwenye basi la Mwanza usiku wa kesho yake, nyama imekwisha.

"Mwanangu," mzee akaniuliza, "saa nyingine zilikwenda wapi?"

Swali hilo ni la zamani kuliko mzee mwenyewe. Kutoka Shinyanga hadi London, ukikata angani moja kwa moja, ni kilometa 6,900 hivi, na umbali huo haujapungua hata hatua moja. Tarehe 28 Februari 1931 ndege ya shirika la Imperial Airways iliondoka Croydon, kiwanja cha London enzi hizo, kuanzisha safari za kila wiki hadi Mwanza. Naam, Mwanza, wala si Dar es Salaam! Njia ilifuata Mto Nile hadi kwenye Ziwa Victoria, na kwa ndege zinazotua majini ziwa lilikuwa kiwanja tayari.

Safari hiyo ya kwanza ilifika Mwanza tarehe 10 Machi. Siku kumi! Si kwamba ndege iliruka siku kumi. Ilitua kila mara kujaza mafuta, usiku watu walilala chini, na kati ya Alexandria na Cairo walipanda treni. Lakini abiria waliishia Khartoum. Kilichofika Mwanza ni barua. Wamisionari wa Kolandoto, waliokuwa na hospitali yao pale tangu 1913, wangeweza kuletewa barua kwa ndege na kisha kwa reli ya Mwanza iliyokamilika 1928. Ndugu yao alipaswa kuja kwa meli.

Januari 1932 njia ikasogezwa mbele hadi Cape Town, ikipitia Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya. Mwanza ikaachwa kando.

Mwaka 1940 Williamson akagundua almasi Mwadui, jirani kabisa na Kolandoto, na mgodi ukawa na kiwanja chake cha ndege. Jiwe halikulala stendi.

Basi nikamchorea mzee ardhini kwa kijiti: London, nchi ya tatu, kungoja, Dar es Salaam, kungoja tena, Mwanza, halafu basi. Kutoka Dar hadi kiwanja cha Ibadakuli, ambacho ni jirani yake, ni kilometa 730 tu za angani, pungufu ya saa mbili kwa ndege ya pangaboi. Mjukuu wake alikuwa amepita juu kwa juu hadi Mwanza, kisha akarudi nyuma kwa barabara.

Mzee akautazama mchoro kwa muda mrefu.

"Kumbe saa kumi ni za ndege," akasema. "Safari ijayo mbuzi nitamchinja mtoto akishapiga simu kutoka Mwanza."