Bi harusi, jina lako la ukoo ni lipi?



Kijana aliyetutengenezea fomu ya kuagiza nguo za harusi mtandaoni alituletea visanduku viwili: jina la kwanza na jina la ukoo, na vyote lazima vijazwe. Sasa mteja wetu hapa Kariakoo anaitwa, tuseme, Fatma Ali Juma. Ali baba, Juma babu. Ukoo uko wapi hapo? Akiandika Juma, baba ameachwa nje na mzigo unakwenda kwa jina la babu.

Bibi zetu walikuwa na neno lao, binti, na lilitosha. Siti binti Saad wa Fumba alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi taarabu, na ukisikia jina lake tu unajua Saad ni nani kwake. Siku hizi neno lenyewe tumeliacha, mpango wa majina umebaki. Bibi Titi Mohamed, aliyeongoza wanawake wa TANU tangu 1955, aliolewa zaidi ya mara moja, lakini barabara yake hapa mjini ina jina la Mohamed, baba yake.

Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Unguja, yake ni mengine. Mwaka 1867 huko Aden alibatizwa, akaolewa na Mjerumani Heinrich Ruete, akawa Emily Ruete. Kisanduku cha ukoo kingejaa vizuri kabisa, ila Said hayumo tena.

Kwetu Suratul Ahzab, aya ya 5, imeagiza watu waitwe kwa baba zao. Ilishuka kwa ajili ya watoto wa kulea, ndipo Zayd akarudi kuitwa Zayd bin Haritha. Masheikh wetu huitaja pia kwa mke anayetaka kubadili jina la baba.

Basi fomu yetu ina kisanduku kimoja kirefu, Jina kamili, kinachokubali nafasi na alama ya ng', maana wateja wa Kanda ya Ziwa tunao. Chini yake tumeweka: Tukuiteje? Hapo wengine huandika Mama Fulani, wengine Bi Mkubwa, nasi tunafurahi.

Na wewe unayekwenda Umra na mumeo baada ya harusi, usijaze jina lake kwa mapenzi. Nakili pasipoti herufi kwa herufi. Fatma, Fatuma na Fatima kwenye tiketi ni watu watatu.